Rufaa ya Chiriku Nchini Kwanzani

Aliye na kikohozi akohoe sasa, na aliyeacha chungu motoni akakiepue, maana nikishaanza mimi sirudi nyuma. Habari yenyewe ni ya Bi Mashavu na mumewe Mwalimu Jecha, na ya nchi ya Kwanzani, ambako kitu hakiruhusiwi kuwapo mpaka ijulikane ni nani aliyekuwa wa kwanza kukifanya. Walifikaje huko? Walifika. Mwenye kutaka habari za njia akawaulize wachukuzi.

Kilichowapeleka ni mjukuu. Binti yao Raya aliolewa Kwanzani, akazaa mtoto wa kike, Batuli, ambaye wakati huo alikuwa amefikia ule umri wa kuuliza "kwa nini" mpaka watu wazima wakaenda kujificha jikoni. Raya mwenyewe alikua akisomewa hadithi na baba yake kila alasiri. Kisha macho ya Mwalimu yakaingia ukungu, na ukungu ukafunga kabisa. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akatulia. Yeye alitulia katika mengine yote, lakini hili moja lilimkereketa: alitaka kumsomea mjukuu wake kwa sauti yake mwenyewe, kutoka kitabuni, kama alivyomsomea mama yake.

Bi Mashavu alikuwa fundi wa mitambo ya kupigia chapa, mwanamke mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alimsikiliza mumewe akilalamika msimu mzima, akasema, "Basi, Mwalimu, nyamaza, nitakuundia macho." Akaunda. Lilikuwa sanduku la ukubwa wa cherehani, lenye taa ndani, kioo, na safu za vibati vya shaba, kila kibati na umbo la herufi yake. Ukilipitisha juu ya ukurasa, lilimulika kila herufi, likalinganisha kivuli chake na vibati, kisha likanong'ona kwa kijipembe kilichokaa sikioni mwa Mwalimu. Lakini utamu wake haukuwa hapo. Watu wawili hawaandiki herufi moja sawasawa, na wengine mwandiko wao ni nyayo za kuku. Sanduku likiona herufi isiyojulikana, halikubahatisha. Liliwatazama majirani wa herufi hiyo, wa kulia na wa kushoto, likajua huyu wa katikati ni nani. Kwa maneno yake mengi wakaliita Chiriku.

"Anasoma kama karani," Mwalimu alisema mara ya kwanza, akicheka huku machozi yanamtoka. "Simba wake hangurumi. Lakini ngurumo niachie mimi."

Sasa mpakani mwa Kwanzani ofisa mmoja akaligonga sanduku kwa kidole. "Hiki ni nini, na wa kwanza wake nani?"

"Mashine ya kusoma. Wa kwanza wake mimi."

"Kigoda chako kiko wapi?"

Ndipo wakaelezwa. Kule Kwanzani, mtu akithibitika kuwa wa kwanza kuunda kitu hupewa kigoda cha mvule na mahali pa kukaa uwanjani, na kila atakayekitumia kitu hicho sharti aende kumwamkia. Uwanja ulijaa vigoda: mzee wa kwanza kukitia kisu mpini wa pembe, mama wa kwanza kuchuja tui kwa kitambaa cha rangi ya buluu. Na kitu ambacho hakikuthibitika kuwa kipya? Hicho huzikwa. Si mzaha, huzikwa kweli, kwa sanda na wenye kulia, katika mji wa makaburi ulio nje ya mji, uitwao Visivyo Vipya. Siku ile ile Bi Mashavu alishuhudia maziko ya upawa wenye kulabu ya kuning'inizia. Aliyeuunda alishikwa mabega na jamaa zake, na waliaji wa serikali walilia vizuri sana, wakapangusa nyuso, wakaenda kula.

"Tumekuja kumwona mjukuu tu," alisema Bi Mashavu.

"Mjukuu mtamwona," alijibu ofisa kwa upole, maana Kwanzani kote watu ni wapole. "Sanduku litakaguliwa."

Mkaguzi aliitwa Bwana Fumo, mtu safi, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Alilisikiliza Chiriku likisoma ukurasa mzima, akapiga makofi, akasema ni jambo la ajabu. Kisha akalikataa. Sababu zake zilikuwa nzuri kuzisikiliza. Ungo, alisema, unajulikana, nao hutenganisha chenga na mchele kwa kulinganisha maumbo. Taa inajulikana. Baragumu inajulikana. Ama kuwatazama majirani, watu wa Kwanzani wamekuwa wakiwaendea majirani kuomba chumvi tangu dahari. "Kwa hiyo, Bibi, ungo ukiuweka pamoja na taa, baragumu na chumvi, umepata Chiriku."

"Viweke basi tuone!" Bi Mashavu alikuja juu kama moto wa kifuu. "Nikuletee ungo, Bwana, nikuletee na chumvi, uniundie hapa hapa!"

"Si mimi wa kuulizwa. Huulizwa Mtu wa Kawaida."

Huyu Mtu wa Kawaida, wasikilizaji wangu, ni cheo. Kwanzani walikwishaona kwamba werevu husema kila kitu ni rahisi na wajinga husema kila kitu ni kigumu, kwa hiyo serikali ikaajiri mtu mmoja wa katikati. Hufundishwa kila kilichowahi kuundwa, lakini ni mwiko kwake kubuni chochote, hata njia mpya ya kufunga kiatu. Kitu kipya kikija, anaonyeshwa, anaelezwa kinavyofanya kazi mpaka anaelewa sawasawa, kisha anaulizwa: je, wewe usingekiona mwenyewe? Aliyekuwa akishika cheo hicho wakati ule alikuwa mwanamume mpole wa makamo, mwenye shati la rangi isiyokumbukika, na jibu lake lilikuwa moja tangu aajiriwe.

"Ningekiona mara moja," alisema alipoonyeshwa Chiriku, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka kidogo.

Chiriku likafungwa kwa kamba nyekundu, maana yake linangojea kaburi. Bi Mashavu akakata rufaa.

Waliishi kwa Raya wakingoja, na sitasema waliishi vibaya. Chakula kilikuwa kizuri, mkwe wao alikuwa mtu wa masihara, na Batuli alimzoea babu yake upesi mno. Lakini kila alasiri mtoto alikuja na kitabu kwapani, akakiweka mapajani mwa Mwalimu, akauliza, "Babu, leo?"

"Kesho, mama."

"Kwa nini?"

Mwalimu alikuwa na majibu ya kila swali duniani, ila hilo. Alijaribu kumsimulia kwa kichwa, mtoto akasikiliza kwa adabu, kisha akafungua kitabu na kumwonyesha picha, akasahau kwamba babu haoni. Siku hiyo Mwalimu alijifanya amepaliwa na chai. Bi Mashavu aliona, akaenda uani akapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

"Wakilizika, Mama Raya," Mwalimu alimwambia jioni, "tutarudi nyumbani uunde jingine."

"Na mjukuu je? Tumkunje tumtie kapuni?" Akavuta pumzi. "Halizikwi."

Siku ya rufaa ikafika. Ukumbi wa Baraza la Rufaa ulikuwa mpana, wa baridi nzuri, umejaa watu, kwa sababu Kwanzani rufaa ni kama harusi, huendi na njaa na hutoki mapema. Bi Mashavu aliingia na Mwalimu mkononi, akatazama mbele, akasimama palepale alipo.

Majaji watatu walikuwa wamekaa wakiutazama ukuta.

"Wamekasirika?" alimnong'oneza Raya.

"La, mama. Ndiyo sheria. Jaji akimwona mwenye shauri atamhurumia au atamchukia. Kwa hiyo huwapa watu kisogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haki yetu yote hutoka upande ule."

Kwa hiyo Bi Mashavu akashtakiana na visogo. Kile cha katikati, cha Jaji Ngwali mwenyewe, mkuu wa Baraza, kilikuwa kinene, kina mikunjo mitatu kama mkate wa kusukuma uliokunjwa. Cha kulia kilipakwa poda. Cha kushoto kilikuwa na chunjua lenye unywele mmoja mrefu ambao, ni wazi, hakuna aliyewahi kumwambia jaji habari zake. Mtu wa Kawaida alikaa ubavuni kwenye mkeka, akiwaona majaji na watu pia. Chiriku lilikuwa juu ya meza na kamba yake nyekundu, na nje ya dirisha waliaji wa serikali walikuwa wamekwisha kuketi wakisafisha koo.

Bwana Fumo akasema yake: ungo, taa, baragumu, chumvi. Alisema vizuri, na visogo viliitikia. Bi Mashavu akajibu kwamba ungo haujui kusoma. Jaji Ngwali akauambia ukuta kwamba hoja hiyo imesikiwa, lakini sheria haiulizi kama ungo unasoma. Inauliza kama Mtu wa Kawaida angekiona kitu hicho. Akaulizwa tena, kwa utaratibu.

"Ningekiona mara moja," alisema Mtu wa Kawaida.

"Mheshimiwa," Bi Mashavu akapaza sauti, "huyu anaulizwa baada ya kuonyeshwa! Nani asiyeujua mlango akishaingizwa ndani?"

"Tumuulize lini basi? Kabla hajaonyeshwa hajui tunamuuliza nini." Watu wakaguna kwa kuridhika, hoja hiyo ilikuwa na umri mrefu na waliipenda. "Una la mwisho, Bibi? Waliaji wanangoja."

Hapo Bi Mashavu akaishiwa. Nasema kweli, aliishiwa. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ametulia, uso umeinuliwa kidogo, mkono wake juu ya sanduku kana kwamba anampa pole mgonjwa. Batuli alikuwa amekaa miguuni pake na kitabu chake. Akavitazama vile visogo vitatu. Akautazama ule unywele. Na ghafla, mbele ya Baraza zima, Bi Mashavu akaanza kucheka.

"Ninalo la mwisho, waheshimiwa," alisema. Akajifuta macho, akasema kwa sauti ya uwanjani, "Kitendawili!"

"Tega!" waliitikia majaji wote watatu kwa pamoja.

Wakajuta papo hapo. Lakini fanya ujaji wako wote, vaa joho lako lote, ulizaliwa na mwanamke na ulilelewa mahali, na ukiambiwa kitendawili mdomo hujibu wenyewe. Na Kwanzani, kama kwetu, aliyesema tega hawezi kukimbia.

"Ninacho tangu nizaliwe," alisema Bi Mashavu. "Majirani zangu wote wanakijua. Mimi sijakutana nacho."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi, kisha ukaanza kutetemeka. Mama mmoja alijitia upindo wa kanga mdomoni. Mwanamume mwingine alitolewa nje kwa hisani ya jirani zake. Kwetu tuna msemo mmoja wa nyani, lakini sitauleta mbele ya waheshimiwa.

"Jina," alisema kisogo chenye poda.

"Jina langu nimekutana nalo, Mheshimiwa. Kila siku naitwa."

"Tabia," alisema kisogo chenye chunjua.

"Umekaribia, lakini hapana."

Mikunjo ya kisogo cha Jaji Ngwali ilikaza, ikalegea. "Mtu wa Kawaida," alisema mwishowe, "wewe unajua kila kilichojulikana. Jibu."

Mtu wa Kawaida aliwatazama majaji. Akautazama ukuta, akatazama mikono yake. Hakuwahi, tangu aajiriwe, kuulizwa kitu kabla ya kuonyeshwa. "Sijui," alisema, na neno hilo likamtoka kwa uzito, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Tumeshindwa," Jaji Ngwali aliuambia ukuta. "Sema jibu."

"Aa, Mheshimiwa! Nipe mji kwanza."

Ni haki. Aliyeshindwa hutoa mji. Hata watoto wanajua. Jaji Ngwali akashusha pumzi, akampa Kisimani, mji wa maji matamu. Bi Mashavu akakataa. Akampa Mawele, wenye ng'ombe na siagi. Akakataa. "Wataka upi basi, Bibi, huu tulio ndani yake?"

"Nataka Visivyo Vipya."

"Yale ni makaburi," alisema jaji.

"Ndiyo huo mji nautaka."

Ng'ambo ya dirisha waliaji wakatazamana. Bwana Fumo akainua kidole kupinga, akakishusha, kwa sababu hakukuwa na kifungu kinachokataza, na karani akauandika mji kwa jina la Bi Mashavu. Kwa hiyo hata Chiriku likizikwa, litazikwa kwake, na mwenye shamba huchimba anapotaka. Jaji Ngwali aliling'amua hilo akiwa amekwisha kusema "umepewa."

"Nilikwenda Visivyo Vipya," Bi Mashavu akaendelea kwa taratibu ya vitendawili, "nikapokewa vizuri, nikala nikashiba. Na jibu ni kisogo."

"Aaaah!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko kilichokuwa kimezuiwa mno. Mikono mitatu ya waheshimiwa ikapanda kwa pamoja, ikashika visogo vitatu. "Lo! Rahisi hivyo!" alisema mwenye poda. "Nilikuwa nalo ulimini," alisema mwenye chunjua, kisha vidole vyake vikaukuta ule unywele, akanyamaza ghafla.

"Ningekiona mara moja," alisema Mtu wa Kawaida.

Alilisema kwa mazoea, kama mtu anavyosema alhamdulillahi akipiga chafya. Kisha akajifunika mdomo kwa mikono miwili. Akasimama, jambo ambalo mtu wa cheo chake hafanyi, na watu wote wakamgeukia.

"Hapana," alisema. "Sikukiona. Vilikuwa mbele yangu vitatu, na sikukiona." Sauti yake haikuwa ya kuchoka tena. "Na hili sanduku... Nimefundishwa ungo, nimefundishwa taa, na chumvi ya kuomba nimekula. Kama ningekaa navyo mpaka nife, nisingeliwaza kwamba herufi iliyopotea huulizwa kwa majirani zake. Nililiona baada ya kulisikia likisoma. Ule upawa pia. Jamani, na ule upawa pia!"

Akakaa chini akalia, na nyie mnajua kilio cha mtu aliyetua mzigo; hakikumhuzunisha mtu yeyote. Kwa sheria ya Kwanzani neno la Mtu wa Kawaida halipingwi. Ila hakuna aliyekumbuka sheria inasemaje akibadili neno, na karani alibaki na kalamu hewani.

Ndipo Jaji Ngwali akafanya jambo linaloongelewa Kwanzani mpaka leo. Aligeuza kiti. Miguu ya kiti ilikwaruza sakafu, na mbele ya watu ukatokea uso wa mzee mwenye macho makubwa, ya aibu kidogo, akipepesa kama aliyetoka gizani. Akamwona Bi Mashavu. Akamwona kipofu na mkono wake juu ya sanduku, na mtoto na kitabu.

"Kumbe ndilo hili," alisema. "Fungueni kamba."

Kigoda alipewa Bi Mashavu, cha mvule kizuri. Alikikalia asubuhi moja uwanjani, mgongo ukamuuma, akampa muuza vitumbua, ambaye hukitumia vizuri zaidi. Aliyetaka kumwamkia alimwambia amwamkie akikutana naye njiani kama watu wengine. Mjini kwake, Visivyo Vipya, aliajiri wale wale waliaji wafukue badala ya kulia, na wakasema kazi ni ile ile ya jasho ila macho hayawashi. Upawa wenye kulabu sasa unaning'inia katika nusu ya majiko ya Kwanzani. Majaji wengine wa Baraza wangali wanatazama ukuta, lakini kioo kidogo kimetundikwa ukutani, na chunjua halina unywele. Serikali ilitangaza nafasi ya Mtu wa Kawaida, na mpaka sasa iko wazi, kwani kila anayekuja kuiomba anajiona si wa kawaida.

Na yule wa zamani? Jina lake lilikuwa Sudi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alianza kufika kwa Raya saa za alasiri, akakaa kizingitini kumsikiliza Mwalimu akisoma. Chiriku lilinong'ona sikioni, na Mwalimu akayatoa maneno na ngurumo zake, na Batuli alikuwa amelala kifuani pake akifuata kurasa kwa kidole, akiuliza kwa nini, na sasa babu akimjibu yote. Bi Mashavu alikuwa jikoni akiwasikiliza, na mikono ilimsimama ndani ya unga kwa furaha.

Siku moja simba alifika ukingoni mwa mto, sungura yuko ng'ambo, na daraja hakuna. Mwalimu akafungua kinywa amalizie.

"Ngoja, Mwalimu!" alisema Sudi, akainuka kizingitini, uso umemwiva. "Ngoja kidogo. Usiniambie. Nataka nikisie mwenyewe."

Akakisia, akakosea. Batuli akacheka mpaka akateleza kifuani kwa babu. Sudi naye akacheka, akavuta mkeka karibu, akaomba ruhusa akosee tena.